Mama Aliwekwa Mwisho

15 Septemba, Jumapili

Papa anasema mwenye kushika kamera lazima ashike na daftari: siku, mwanga, nini kimepigwa, sekunde ngapi. Lake liliungua pamoja na nyumba. Basi nimetoa hili dukani, nimefungua ukurasa wa kwanza, naandika kwa mwandiko mzuri kabisa: leo hakuna kilichopigwa. Mvua.

Kamera ilifika jana. Ilikuwa Butembo kwa shangazi Kaswera, aliyetutoka mwezi wa saba. Watoto wake walipogawana vitu waliikuta ndani ya sanduku, imeviringishwa kwa kikwembe cha kujifunga kiunoni, na karatasi yenye jina la Papa. Imezunguka kupitia Kisangani, lori hadi lori, kwa sababu barabara za Goma zimefungwa na vita. Wiki tano njiani kwa kitu kinachoenea kwenye viganja viwili. Papa aliiweka sikioni akaitikisa kidogo, kama mtu anayepima yai.

"Filamu iko ndani," akasema. "Mama yenu iko ndani."

18 Septemba

Benita amekuja kutoka Hombo, ambako anauza mafuta ya mawese na mume wake. Siku mbili juu ya pikipiki kwenye matope, na hakuomba hata maji ya kunywa. Aliomba kamera.

Naandika kwa ajili ya atakayesoma na asiyetujua. Mimi ni Kavuo, ninauza vitenge hapa Mubi. Benita ni mdogo wangu. Alikuwa na miezi mitano mwaka 1996 tulipokimbia vita kuelekea Mpofi, na Mama akafia njiani, msituni, kwa homa. Tuliporudi, nyumba ilikuwa majivu na picha zote zimeenda nayo. Benita ana miaka ishirini na minane. Hajawahi kuuona uso wa mama yake, hata kwenye kitambulisho.

"Papa, Mama iko anafanya nini mu filamu?" akauliza.

"Nilianza na kamio, ile lori yangu. Ilikuwa mupya, padiri alikuya kuibariki. Nikapiga padiri, nikapiga maji ya baraka, nikapiga batu. Mama yenu nilimuweka mwisho. Nilimukarisha pa kiti, peke yake, nikapiga uso wake mupaka filamu ikaisha."

"Juu ya nini ulimuweka mwisho?"

"Nyama inaliwaka mwisho."

Ndivyo anavyokula hadi leo: bugali na sombe ya majani ya muhogo kwanza, kipande cha nyama kinangoja pembeni ya sahani. Benita alicheka. Mimi nilikwenda kuangalia kama nimefunga duka, na nilijua nimelifunga.

20 Septemba

Daftari hili ni langu, hakuna anayelisoma, basi niseme.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Papa alimaliza kupiga, akaiweka kamera juu ya kabati, akatoka kuwasindikiza wageni wa lori lake. Alikuwa ametuambia, "Sasa Mama yenu ameingia mule." Nami nilikuwa mtoto wa kutaka kuona. Niliishusha, nikaenda nayo uani palipokuwa na jua, nikafungua kifuniko cha pembeni. Mama hakuwemo. Kulikuwa na utepe umejizungusha, rangi ya maziwa yaliyochacha. Nikainama nitazame vizuri. Niliposikia hatua nikageuka, na Mama alikuwa nyuma yangu na Benita mgongoni.

"Funga," akasema. "Papa yako asikuone. Tutamuambia kesho."

Kesho yake Papa aliigeuza filamu tayari kwa upande wa pili, kisha akasafiri na lori, na kamera akaiacha Butembo kwa shangazi. Aliporudi vita vilikuwa vimefika hapa Walikale. Sijamwambia hadi leo.

Sijui hasa jua linafanya nini kwa filamu. Ninachojua ni kwamba Papa alikuwa akiibadilisha akiwa chini ya blanketi, na hakuna mtu anayejifunika blanketi saa sita mchana kwa raha zake.

23 Septemba

Mvua.

24 Septemba

Mvua. Nimeuza kitenge kimoja, cha msiba.

26 Septemba

Somo. Papa ameketi kitandani, miguu imevimba tena, na bado anafundisha kama dereva anayemfundisha utingo wake.

Haina betri. Ina ufunguo ubavuni, unauzungusha mpaka ukatae, lakini usiushinde nguvu. Ukibonyeza, springi inavuta filamu sekunde ishirini na tano hivi, kisha inachoka na lazima uzungushe tena. Umbali unaupima kwa hatua. Mwanga unausoma kwenye kibati kilichobandikwa mbele: kichoro cha jua, kichoro cha jua nyuma ya wingu, kichoro cha wingu. Cha mvua hakipo. Aliyeitengeneza hakuwahi kufika Walikale.

Utepe unapita mara mbili. Mara ya kwanza picha zinakaa nusu ya upana wake, ukigeuza zinakaa nusu ya pili. Dakika mbili kwenda, dakika mbili kurudi. Maabara ndiyo inaupasua katikati, kama mimi ninavyopasua kitenge. Nusu ya Mama imeshapigwa. Nusu ya pili ni tupu, na Papa anataka iwe yake.

"Tukae kwa filamu moja," akasema. "Ye huku, mie huku. Kisha muipeleke."

Wa kuipeleka yupo. Valérie, muuguzi anayekuja kumpima Papa, anaondoka tarehe mbili Novemba kwenda masomoni Ubelgiji. Kaka yake Sylvain anaishi huko na amepata maabara inayosafisha filamu za zamani. Tunachongoja ni jua, kwa sababu filamu ya zamani hivi haioni gizani.

"Usifukuze vitu na kamera kama unafukuza kuku," Papa akaniambia. "Simama. Hesabu. Pumua kidogo."

29 Septemba

Mvua. Papa alivaa koti lake la misa tangu asubuhi, akalivua saa kumi.

2 Oktoba

Sylvain ametuma ujumbe wa sauti kwa Valérie, naye akatusikilizisha sisi watatu pale kitandani. Maabara inauliza maswali: filamu ni ya mwaka gani, ilihifadhiwa wapi, na je, kamera iliwahi kufunguliwa ikiwa na filamu ndani.

"Hapana," Papa akasema. "Nani angeifungula?"

Benita akaandika hapana. Nilikuwa nimesimama na sahani mkononi. Nikaenda kuiosha sahani iliyokuwa safi.

5 Oktoba

Mvua.

6 Oktoba

Mvua. Padiri amehubiri juu ya subira. Anakaa kwenye nyumba ya bati jipya.

9 Oktoba

Jua. Saa nne asubuhi mawingu yalipasuka na Mubi yote ikatoka nje kuanika. Benita alimvisha Papa koti, akamchana nywele, nami nilizungusha ufunguo mpaka ukakataa. Hatua tano. Kichoro cha jua. Nilibonyeza.

Papa alitembea. Wiki mbili hajatembea bila kushikwa, lakini aliposikia ile sauti ya kamera, krrr, kama panzi kwenye kopo, alishuka ngazi peke yake, akavuka ua, akalipiga teke gurudumu bovu la lori kama alivyokuwa akifanya kabla ya safari. Akarudi akicheka, akamwita Benita, akamshika bega. Springi ikaisha, nikazungusha, nikapiga tena. Sekunde hamsini jumla. Kwenye tundu la kuangalia alikuwa mdogo kama punje, na alikuwa na afya.

Nilifurahi. Naandika hilo kwa sababu ni kweli. Nilifurahi kabisa na sikukumbuka chochote.

10 Oktoba

Mvua.

14 Oktoba

Nimemfuata Valérie kwenye kituo cha afya na uongo nilioutengeneza njiani. Nikamuuliza: hivi, mtu akifungua kamera kwa bahati mbaya, filamu inakufa yote? Alimtumia Sylvain swali, jibu likarudi nikiwa hapo hapo.

Haifi yote. Filamu imejizungusha, kwa hiyo mwanga unakula kuanzia nje kwenda ndani. Mizunguko ya ndani hupona. Kinachokuwa nje ni kilichopigwa mwisho.

Kilichopigwa mwisho ni Mama.

Kisha Sylvain akaongeza, bila kuulizwa, kwamba ukishageuza filamu, ile sehemu ya nje ndiyo inatangulia kupita upande wa pili. Kwa hiyo kama iliwahi kufunguliwa, tusipige kitu cha maana kwenye sekunde sitini za mwanzo. Tupige ukuta.

Nimerudi kwa miguu. Papa akishuka ngazi, Papa akipiga teke gurudumu, Papa akimshika Benita bega. Yote nimeyaweka palipoungua. Kama tarehe mbili ningesema neno moja, "ndiyo", ningepiga ukuta.

15 Oktoba

Nimesema. Asubuhi, baada ya chai, kabla sijajipa sababu nyingine ya kwenda dukani. Nilisimama mbele ya kitanda kama mwanafunzi.

Papa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali la fundi: "Uliifungula sekonde ngapi?"

"Kumi. Labda kumi na tano."

"Pa jua?"

"Pa jua, Papa."

Alitazama dari. "Na mama yenu, alijua?"

"Alijua. Njo ye aliniambia nifunge."

Nikadhani ananilaani kimoyomoyo. Kumbe alikuwa akihesabu siku. "Njo maana," akasema, "ile mangaribi alinichinjia kuku. Haikukuwa siku kuu. Miaka yote nilijiuliza ile kuku ilikuwa ya nini."

Alicheka mpaka akakohoa. Nikamshika mgongo. Akasema kosa si langu, ni lake, kwa sababu alipiga chuma kwanza na mtu mwisho. "Ningeanza na ye, angepona. Ningepoteza kamio. Kamio zilikuwa mingi."

Ningependa siku iishie hapo. Lakini Benita alikuwa amesimama mlangoni na birika.

"Tarehe mbili Valérie aliuliza," akasema. "Ulikuwa hapa."

"Nilikuwa."

"Niliandika hapana na mukono yangu. Weye uko unaniangaria."

Nilitazama birika mkononi mwake.

"Weye ulimuona miaka kumi na ine, Kavuo. Mie nilikuwa naomba dakika moja."

Hakupaza sauti. Angepaza, ningejitetea, maana kwa kujitetea mimi ni hodari, waulize wateja wangu. Aliweka birika chini taratibu, akaenda kukunja nguo zake.

16 Oktoba

Benita amerudi Hombo. Alimuaga Papa. Mimi alinipita kama mtu anavyopita duka lililofungwa.

17 Oktoba

Mvua.

18 Oktoba

Mvua. Papa hakula.

21 Oktoba

Familia tatu kutoka Masisi zimefika, zimelala kwenye darasa la shule ya msingi. Mzee mmoja, Munyakazi, alikuja dukani kutafuta kitambaa cha kumfunga mjukuu mgongoni, kwa sababu kile cha kwanza kimebaki njiani. Nilimpa. Aliiona kamera kwenye rafu akauliza kama ninapiga picha. Nikamwambia ninaziharibu. Alinitazama kwa huruma, mtu aliyetembea siku tisa, akaniambia, "Pole, dada."

Hapo ndipo nilipolia, mbele ya mteja, kitu ambacho sijawahi kukifanya.

22 Oktoba

Mvua.

23 Oktoba

Mvua. Valérie anasema ni moyo. Maji yamepanda mpaka tumboni. Hasemi zimebaki siku ngapi.

25 Oktoba

Nilimpigia Benita mara nne. Mume wake alipokea mara moja, akasema yuko sokoni. Nikamsikia Benita akikohoa nyuma yake.

27 Oktoba, Jumapili

Jua limetoka wakati wa misa. Niliondoka kanisani kabla ya komunyo, watu wakanitazama, nikawaacha wanitazame.

Papa hawezi tena kusimama. Majirani wawili walimbeba na kiti chake mpaka mlangoni. Sikuthubutu kufungua kamera. Nilisoma tu kipimo chake cha filamu, nikapiga ukuta sekunde thelathini, ili kuwa na hakika. Niliona uchungu kuusikia ule utepe ukipita bure. Halafu nikapima hatua tatu, kwa sababu nilitaka uso.

"Papa, angaria hapa."

Aliangalia. Koti la misa limekuwa kubwa kwake. Nilibonyeza, nikahesabu, nikapumua kidogo. Kwenye ishirini akaanza kukohoa na kidole changu kikaacha.

"Endelea," akasema. "Kama ninakohoa, nikohoe. Usichague tena."

Nikazungusha ufunguo, nikaendelea mpaka utepe wote ukaisha na sauti ikabadilika, ikawa nyepesi. Niliitoa filamu kitandani kwake, chini ya blanketi mbili na kikwembe juu, mikono yangu ndani na kichwa changu nje. Papa alikuwa akiniongoza kwa maneno, kushoto, inua, sasa funga kopo. Ndilo jambo la mwisho alilonifundisha.

Daftari: mlangoni, jua, hatua tatu, sekunde arobaini. Yuko hai.

2 Novemba

Valérie ameondoka na pikipiki ya saa kumi na mbili asubuhi, Hombo, Bukavu, na mbele. Kopo liko ndani ya soksi, soksi ndani ya nguo zake. Mvua ndogo.

8 Novemba

Mvua.

13 Novemba

Papa aliniuliza kama filamu imefika. Nikamwambia bado. Akauliza tena jioni.

19 Novemba

Papa ametutoka asubuhi, saa mbili. Nilikuwa nikimpa uji. Alisema umepoa, nikaenda kuupasha moto, na niliporudi na kikombe hakunihitaji tena. Uji ulikuwa bado unatoa mvuke. Niliunywa mwenyewe, nimeketi pale pale, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya nao.

22 Novemba

Tumemzika. Mvua ilikatika kwa saa moja, tukafanya haraka. Benita alifika na watoto wake. Alilia upande wa pili wa kaburi. Akitaka chumvi jikoni anamwambia jirani aniambie. Nilizoea kumwona kama mtoto niliyembeba kutoka msituni. Sasa naona mwanamke mwenye haki yake, naye anajua kuishika.

Watu wanasema wakati huponya. Hao ndio wanaokopa na kusema watalipa wakati wakipata.

30 Novemba

Mvua.

7 Desemba

Nimekata kitenge, nimekosea kipimo. Mara ya kwanza tangu nianze kazi hii.

14 Desemba

Valérie ameandika: iko tayari. Maabara imetoa video, dakika nne, rangi nyeusi na nyeupe. Hakusema kuna nini ndani. Nikamwomba anitumie, na kabla haijafika nikampigia Benita. Safari hii alipokea mwenyewe.

"Sitafungula mupaka ukuye," nikamwambia.

"Niko nakuya," akasema.

16 Desemba

Alifika saa nane mchana, matope mpaka magotini. Tuliketi dukani, juu ya mabunda, mlango umefungwa nusu ili mwanga usiingie kwenye simu. Nilimpa simu, akabonyeza yeye.

Lori. Jipya, linang'aa, hata chini ya madoa meupe yaliyojaa kama mvua. Padiri anarusha maji. Watu wanapiga makofi bila sauti. Papa hayumo, ndiye anayepiga, lakini anaonekana kwa namna anavyosimama: hafukuzi vitu na kamera, anahesabu. Kisha anazunguka nyuma ya lori, na hapo kuna mwanamke amewapa watu mgongo, anagawa vikombe. Amembeba mtoto. Mtoto amegeuza kichwa, uso wake wote unatutazama, macho yamefumba nusu kwa sababu ya jua.

"Njo ye?" Benita akauliza.

"Njo ye. Na huyu ni weye."

Mgongo ule ulikaa sekunde sita. Halafu mtu alimwita, nadhani Papa, kwa sababu aliweka kikombe chini na kuanza kugeuka. Bega likaja. Kitambaa cha kichwa. Sikio na hereni. Ule weupe ukaanza pembeni, ukaingia, na aliyekuwa akigeuka akageuka ndani yake. Baada ya hapo ilikuwa nyeupe tu mpaka mwisho wa upande wa kwanza.

Upande wa pili nao ulianza mweupe. Katikati mara moja ukapita mkono na koti. Kisha ukuta wetu, wazi kabisa, kila ufa unahesabika. Kisha Papa mlangoni, anakohoa, anatutazama.

Benita alirudisha nyuma. Alitazama mgongo ule mara kumi, labda kumi na mbili. Aliweka kidole juu ya kioo pale alipolala yule mtoto. Mimi nilingoja nitukanwe, nilikuwa nimejiandaa.

Hakunitukana. Alizima simu, akaiweka juu ya kitenge, akajisogeza karibu yangu hadi mabega yetu yakagusana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Oktoba.

"Basi uniambie weye," akasema. "Ulimuona. Alikuwa namna gani? Anza na macho."

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na hereni, ambayo tumetoka kuiona. Nilikuwa na kitambaa cha kichwa, nacho tumetoka kukiona. Nilitafuta macho, nikapata ya Benita. Nilitafuta mdomo, nikapata wangu, wa kwenye kioo cha duka. Nilirudi mpaka kule uani, jua lile, nimegeuka, naye amesimama nyuma yangu na mtoto mgongoni, na sauti yake niliisikia vizuri, lakini juu ya shingo hapakuwa na kitu. Kumbe miaka yote hii nilikuwa nangoja filamu kama Benita.

Ningeweza kutunga. Benita angeamini, angekwenda nayo Hombo, angewasimulia watoto wake.

"Nimeisahau," nikamwambia. "Uso wake. Siko nayo tena."

Alinigeukia. "Tangu wakati gani?"

"Sijue. Njo nimejua sasa hivi."